Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Ufadhili wa wanafunzi wetu unakwama kwenye meza zetu

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mwalimu wa hisabati wa kidato cha mwisho. Kwa miaka tisa sasa, vipindi vikiisha, nimekuwa nikikaa na wanafunzi wanaotafuta ufadhili wa kusoma chuo kikuu. Hakuna aliyenipangia kazi hiyo. Ilianza na mwanafunzi mmoja aliyeniletea fomu asiyoielewa, akaja mwenzake, na haijakoma hadi leo.

Nakuandikia hadharani kwa sababu ninachokiona kimenishinda peke yangu. Watu huamini kwamba aliyekosa ufadhili alizidiwa alama, au nafasi zilikuwa chache. Nafasi ni chache kweli, na sijawahi kumwambia mwanafunzi kwamba kujaza fomu ni kupata. Lakini wengi niliowasaidia hawakufika hata hatua ya kulinganishwa na wenzao. Maombi yao yalifungwa yakiwa nusu, na kilichopungua hakikuwa kitu ambacho wao wangeweza kukileta. Kilikuwa chetu sisi, walimu, wakuu wa shule na maofisa walio chini yako.

Mwaka mmoja nilikuwa na binti aliyemaliza kuandika insha yake wiki tano kabla ya tarehe ya mwisho. Alikuwa ameiandika mara sita, na ile ya sita ilinitoa machozi. Kilichobaki ni nakala ya matokeo yenye mhuri na saini ya mkuu wa shule. Mkuu alikuwa safarini. Makamu akasema hana mamlaka ya kusaini, akamwelekeza ofisi ya elimu. Huko akaambiwa alete barua ya kumtambulisha kutoka shuleni, yaani kutoka kwa mkuu yuleyule aliyekuwa safarini. Saini ilipatikana siku mbili baada ya dirisha la maombi kufungwa. Bado naikumbuka bahasha ile, jinsi alivyoishika kwa mikono miwili kana kwamba bado ina kazi.

Mheshimiwa, huenda ukadhani hilo ni tukio moja la bahati mbaya. Tazama basi jinsi ufadhili wenyewe ulivyopangwa. Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, kina ufadhili wa Lester B. Pearson unaolipa karo, vitabu na malazi kwa miaka 4. Mwanafunzi hawezi kujipeleka mwenyewe. Ni lazima shule yake imteue, na kila shule huteua mwanafunzi 1 tu kwa mwaka. Kwa hiyo shule ambayo mkuu wake hajawahi kuusikia ufadhili huo imeshawanyima wanafunzi wake wote, na wao hawajui kwamba wamenyimwa. Hungaria nayo ilianzisha ufadhili wa Stipendium Hungaricum mwaka 2013. Mwombaji hujaza fomu mtandaoni, lakini hiyo haitoshi: lazima pia apendekezwe na mamlaka ya nchi yake iliyokubaliana na Hungaria, ambayo mara nyingi ni wizara ya elimu. Maombi kwa kawaida hufungwa katikati ya Januari. Tangazo la wizara likitoka wiki moja kabla ya hapo, wakati shule zimefungwa, watakaoliona ni wale wenye ndugu wizarani.

Japani, kupitia ufadhili wa serikali yake uitwao MEXT, huwapokea waliomaliza sekondari kwa shahada ya kwanza, mwaka mmoja wa mwanzo ukiwa wa kujifunza Kijapani. Mwombaji hupitia ubalozi, hufanya mtihani, na hutakiwa barua ya mapendekezo kutoka kwa mkuu wa shule au mwalimu wake. Vyuo vya Marekani zaidi ya 1,000 hupokea maombi kupitia mfumo mmoja wa mtandaoni uitwao Common App, unaofunguliwa tarehe 1 Agosti kila mwaka. Humo mwanafunzi huandika insha na taarifa zake, lakini nakala rasmi ya matokeo, ripoti ya shule na barua za walimu hupakiwa na watumishi wa shule, ambao mfumo huwatafuta kwa barua pepe. Shule nyingi ninazozijua hazina barua pepe rasmi. Nyingine wanayo, ila aliyejua nywila yake alihamishwa. Ujumbe unatumwa, unakaa huko, na mtoto anaendelea kusubiri.

Barua za mapendekezo ndizo zinazoniuma zaidi, maana hapo kosa ni letu walimu. Barua tunazoandika husema mwanafunzi huyu ni mtiifu, ana bidii na hushirikiana vizuri na wenzake. Tunabadilisha jina tu, tunampa na anayefuata. Nami niliandika hivyo miaka yangu ya mwanzo, na najuta. Msomaji wa upande wa pili ana maelfu ya barua mbele yake. Anataka kujua mtoto huyu alifanya nini aliposhindwa swali, aliuliza nini ambacho hakuna mwingine aliyeuliza, na nyumbani anabeba mzigo gani. Nilikuwa na kijana ambaye kila akikosea hesabu aliandika pembeni kwa nini amekosea. Madaftari manne yalijaa maelezo hayo. Nilipoyaeleza kwenye barua, kwenye usaili aliulizwa juu ya madaftari, wala si juu ya alama. Hakuna chuo cha ualimu nilikofundishwa kuandika barua kama hiyo. Siku moja ya mafunzo ingetosha kuanzia.

Kuna pia suala la alama za makadirio, yaani zile ambazo shule inatarajia mwanafunzi atazipata. Madirisha mengi hufunguliwa mwanafunzi akiwa bado hajafanya mtihani wa mwisho au anasubiri matokeo. Ufadhili wa serikali ya Uturuki, Türkiye Bursları, ambao kuomba kwake ni bure, kwa miaka ya karibuni umekuwa ukipokea maombi kuanzia 10 Januari hadi 20 Februari, na kwa shahada ya kwanza hutaka wastani usiopungua asilimia 70, au 90 kwa udaktari na fani nyingine za afya. Asiye na cheti bado anahitaji shule imwandikie rasmi amefikia wapi na anatarajiwa kumaliza lini. Wakuu wengi hukataa kwa kuogopa kulaumiwa matokeo yakija tofauti. Siwalaumu, kwa sababu hakuna waraka unaowalinda. Waraka huo unaweza kuutoa wewe.

Upande wa kutafuta, wanafunzi wetu wanapoteza muda mwingi mahali pasipowahusu. Akiandika neno ufadhili kwenye intaneti anakutana na Chevening ya Uingereza, anakesha nayo wiki nzima, kumbe ni ya shahada ya uzamili kwa mtu mwenye shahada ya kwanza na uzoefu wa kazi. Hakuna aliyemwambia asome kwanza mstari wa masharti ya mwombaji. Hakuna aliyemwambia pia kwamba fedha nyingi hutoka kwenye chuo chenyewe, tena haziitwi skolashipu bali msaada wa kifedha. Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst na Dartmouth hupokea wanafunzi hata wa kigeni bila kuangalia uwezo wao wa kulipa, kisha hufidia pengo lote kati ya gharama na kile ambacho familia ya aliyepokelewa inaweza kulipa. Kuingia huko ni vigumu mno. Hata hivyo mtoto wa maskini mwenye alama za juu ana haki ya kujua kwamba umaskini wake hautumiki kumkataa. Na wale wanaodai ada ya kuhifadhi nafasi ya ufadhili ni matapeli. Tangazo moja la wizara lenye kusema hivyo waziwazi lingeokoa akiba ya wazazi wengi.

Ninachoomba hakihitaji jengo jipya. Kila shule iwe na mtumishi mmoja anayeshughulikia maombi ya vyuo, apunguziwe vipindi kwa kazi hiyo, na awe na barua pepe ya shule inayobaki pale hata yeye akihamishwa. Makamu aruhusiwe kusaini mkuu anapokuwa nje, na nakala ya matokeo itoke ndani ya siku 5 za kazi tangu iombwe. Matangazo ya ufadhili unaopitia wizarani yafike shuleni siku ileile yanapofika kwako. Na maandalizi yaanze mwaka mmoja kabla ya kidato cha mwisho, maana insha nzuri haiandikwi kwa usiku mmoja, pasipoti ina foleni yake, na mzazi asiye na hati ya mshahara anahitaji muda wa kupata barua ya kueleza kipato chake.

Msimu huu nina wanafunzi 11. Wanne nyaraka zao zimekamilika. Saba waliobaki wanasubiri saini, na wawili kati yao dirisha lao linafungwa mwishoni mwa mwezi huu. Nitakuwa shuleni kila siku hadi saa kumi na mbili jioni, na yeyote utakayemtuma atanikuta na mafaili yao mezani.

Wako katika utumishi,
Mwalimu wa hisabati, kidato cha mwisho