Salamu za Krismasi kutoka Kansas

Wapendwa wa Marangu, Bwana Yesu asifiwe!

Heri ya Krismasi kwenu nyote: Mama, baba mdogo, shangazi, na nyie watoto mnaozunguka zizini kumchungulia mbuzi. Najua saa hizi barabara ya Moshi imejaa magari ya Dar, na aliyewahi tiketi ya basi ndiye mjanja. Mimi mnisamehe, mwaka huu nimebaki huku kwenye baridi.

Wiki iliyopita nilikwenda Nicodemus, kijiji cha huku Kansas, Marekani. Kutoka Kansas City ni kama saa tano kwa gari, uwanda mtupu mpaka macho yanachoka. Kisheria hata mji si mji, hauna meya wala halmashauri yake. Kuna kanisa, hoteli ya zamani, ukumbi wa mawe na shule isiyo na mtoto. Watu ni wachache mno. Niliyemsikia zaidi ni upepo.

Walioanza pale mwaka 1877 walikuwa Weusi waliotoka utumwani Kentucky. Wauza viwanja waliwasifia nchi ya neema. Wakashuka treni kituo cha Ellis, wakatembea zaidi ya kilomita 50. Mama mmoja aliyefika 1878, Willianna Hickman, alioneshwa Nicodemus kwa kidole na hakuona nyumba hata moja, ila moshi unafuka ardhini. Watu walikuwa wanaishi kwenye mashimo! Akaangua kilio.

Niliposoma hayo nikakumbuka mahandaki yetu, yale tuliyokuwa tukitishwa utotoni kwamba ukiingia hutoki. Ila wazee wetu waliingia chini kukimbia vita, vikipita wakatoka. Hawa walilala chini ya ardhi majira yote ya baridi, na baridi ya huku, shangazi, siyo ile ya Julai unayoilalamikia. Inasimuliwa kwamba Wahindi Wekundu wa kabila la Osage, wakitoka mawindoni, waliwagawia nyama. Wengine walikata tamaa wakarudi. Waliobaki wakalima, na miaka 10 haikuisha wakawa na benki na magazeti mawili.

Kilichowamaliza ni reli. Walikuwa tayari kuichangia dola 16,000, lakini mwaka 1888 treni ikapita ng'ambo ya mto, wenye maduka wakaifuata kwenye mji jirani wa Bogue. Ikaja miaka ya 1930 na dhoruba zake za vumbi, na mwaka 1953 posta nayo ikafungwa.

Lakini mwisho wa Julai kila mwaka pale panajaa! Sherehe ilianza kama ukumbusho wa kufutwa utumwa. Siku hizi wajukuu wanatoka majimbo ya mbali, wanakula pamoja, wanaimba, wanawaonesha watoto shamba lilikuwa wapi. Nilicheka peke yangu ndani ya gari. Kumbe hawa nao ni Wachaga, wamekosea mwezi tu.

Basi mkitoka ibadani kesho, piteni kaburini kwa babu mkapasafishe, na jani la sale mniwekee. Mtori wangu anywe yule mdogo aliyezaliwa Machi, akishaota meno. Nauli ya Desemba ijayo nimeshaanza kuweka. Na wewe baba mdogo, nimesikia una mpango na ile migomba ya kando ya mfereji. Usiikate kabla sijafika.