Chapa tunazozipenda nazo zihojiwe

Ndugu Mhariri,

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kauli hiyo ingekuwa na nguvu sokoni hadi leo, kampuni zenye bidhaa zinazopendwa kuliko zote duniani zisingekuwa na haja ya kujitangaza mwaka baada ya mwaka, maana hakuna tena asiyezijua. Zinajitangaza kwa sababu tangazo la chapa kubwa haliji kutuarifu kwamba bidhaa ipo. Linakuja kulinda mahali ambapo bidhaa hiyo imekwisha kukaa akilini mwetu: hii ya vijana, ile ya watu makini, nyingine ya mzazi anayejali au ya mtu aliyefanikiwa. Naandika kwa sababu gazeti lako huzichambua ahadi za wanasiasa neno kwa neno, ilhali ahadi za aina hii, ambazo zinatufikia mara nyingi zaidi kwa siku, hupita bila kuulizwa lolote.

Fikra yenyewe si ngeni. Wamarekani wawili, Al Ries na Jack Trout, waliieneza mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa hoja kwamba ushindani wa kibiashara huamuliwa kichwani mwa mnunuzi kabla hajafika dukani, na kwamba asiyeweza kuwa wa kwanza katika kundi fulani hana budi kujitafutia kundi lake au kujipambanua na yule aliye wa kwanza. Watangazaji walikuwa wakifanya hivyo hata kabla ya wawili hao. Mwaka 1962 Avis, kampuni ya kukodisha magari iliyokuwa nyuma ya Hertz, ilitangaza waziwazi kwamba ni ya pili na kwamba kwa sababu hiyo inajitahidi zaidi. Miaka michache baadaye kinywaji cha 7Up kikajitambulisha kwa kile ambacho hakikuwa, yaani soda isiyo kola. Matangazo hayo nayaheshimu. La Avis hasa lilikiri jambo la kweli ambalo wengine wangelificha, na mteja aliyetaka kujua kama jitihada hizo zipo aliweza kwenda kaunta akajionea mwenyewe.

Jinsi nafasi ya namna hiyo inavyoweza kuizidi nguvu hata bidhaa yenyewe ilionekana mwaka 1985. Pepsi ilikuwa imetumia miaka kumi kuwaonjesha watu vinywaji viwili bila kuwaonyesha majina, na kutangaza kwamba wengi walichagua Pepsi. Coca-Cola nayo ikafanya majaribio yake kwa watu wanaokaribia 200,000, ikaridhika kwamba ladha mpya inapendwa zaidi, na mwezi Aprili ikabadilisha kinywaji chake. Malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba kabla ya miezi mitatu kutimia ladha ya zamani ilikuwa imerudishwa. Majaribio yale hayakukosea kuhusu ladha. Kilichosahauliwa ni kwamba wanywaji walikuwa wamezoeshwa kwa karibu miaka mia moja kuiona ile chupa kuwa sehemu ya maisha yao, na hakuna aliyewauliza kama wako tayari kunyang'anywa sehemu hiyo.

Hilo halina madhara makubwa; ni soda tu. Mfano unaonisumbua ni wa Marlboro. Sigara hiyo ilipoingia sokoni mwaka 1924 ililengwa kwa wanawake, ikasifiwa kwa upole wake, na baadaye ikawekewa ncha nyekundu ili alama ya rangi ya mdomo isionekane. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 taarifa za kitabibu zinazohusisha uvutaji na saratani ya mapafu zikaanza kuwafikia watu wa kawaida, wavutaji wakaingiwa na hofu, na kampuni za tumbaku zikakimbilia sigara zenye kichungi. Wanaume wengi, hata hivyo, waliziona sigara za kichungi kuwa za kike. Kampuni ya Philip Morris ikalipeleka jina lake la kike kwa wakala wa matangazo Leo Burnett wa Chicago, na kufikia katikati ya muongo ule Marlboro ilikuwa imepata sura ya mchunga ng'ombe mkimya aliyepanda farasi, mwenye kofia pana na uso uliokomazwa na jua.

Tafadhali tazama kilichofanyika hapo, Ndugu Mhariri. Mnunuzi alikuja na swali la afya, akajibiwa kwa picha ya uanaume. Tangazo halikudai kwamba kichungi kinaokoa mapafu, kwa hiyo hapakuwa na sentensi ambayo daktari au hakimu angeweza kuikanusha, maana huwezi kumshtaki mtu kwa kupanda farasi. Matangazo ya sigara yalipopigwa marufuku katika televisheni na redio za Marekani mwezi Januari 1971, yule mpanda farasi alihamia kwenye mabango na majarida, na mwaka uliofuata Marlboro ikawa sigara inayouzwa kuliko zote duniani. Baadhi ya wanaume waliotokea katika matangazo hayo walikuja kufa kwa maradhi ya mapafu.

Naomba nisieleweke kwamba kila chapa inayojijengea sifa ni ya hila. Volvo imesimama juu ya sifa ya usalama, tena kwa haki, kwani mhandisi wake Nils Bohlin ndiye aliyebuni mkanda wa usalama unaofungwa sehemu tatu, na mkanda huo ulipoingia kwenye magari mwaka 1959 kampuni iliwaruhusu watengenezaji wengine wautumie bila malipo. Ajabu ni kwamba kampuni hiyo hiyo, yenye ukweli wa kutosha wa kutangaza, ilinaswa ikiigiza. Mwaka 1990 tangazo lake nchini Marekani lilionyesha gari lenye magurudumu makubwa mno likipita juu ya msururu wa magari madogo, yote yakipondeka isipokuwa Volvo. Ikagundulika kwamba paa la Volvo lilikuwa limeimarishwa kwa mbao na chuma, na kwamba baadhi ya magari mengine yalikuwa yamekatwa nguzo zinazoshikilia paa. Mwaka 1991 Volvo na wakala wake wa matangazo walikubali kulipa dola 150,000 kila mmoja ili kumaliza shauri lililofunguliwa na tume ya serikali kuu inayosimamia biashara.

Ukiiweka mifano hiyo miwili pamoja utaona mahali sheria inapofika na mahali inapoishia. Volvo ilishikika kwa sababu ilionyesha jambo linalopimika. Dawa ya kusukutua kinywa ya Listerine nayo ilishikika vivyo hivyo: kwa miongo kadhaa ilidai kusaidia dhidi ya mafua na maumivu ya koo, hadi tume hiyo hiyo ilipoamuru mwaka 1975 kwamba matangazo yake yajayo, yenye thamani ya dola milioni 10, yaseme wazi kwamba haizuii maradhi hayo, na mahakama ya rufaa ikaiunga mkono amri hiyo mwaka 1977. Watangazaji walijifunza, lakini nahofia kwamba wengi wao walichojifunza ni kuachana na madai yanayopimika na kuhamia kwenye tabia na hisia. Ndiyo maana leo tunaona tangazo la simu lisilotaja uwezo wa simu, la viatu lisilotaja kiatu, la benki linalozungumzia ndoto huku riba ya mkopo ikiwa imeandikwa kwa herufi zinazohitaji miwani.

Aina mpya zaidi ni chapa inayojinadi kwa maadili. Mwaka 2004 sabuni ya Dove ilianza kampeni kubwa iliyowaonyesha wanawake wa kawaida, wa maumbo na umri tofauti, ikiwaambia kwamba uzuri si ule wa wanamitindo peke yao. Nakubali kwamba ujumbe ule ulikuwa mzuri na ulikuwa umechelewa. Lakini kampuni mama, Unilever, wakati huo huo ilikuwa ikiuza manukato ya Axe kwa matangazo ambayo wanawake humkimbilia mwanamume kwa kuwa tu amejipulizia, na ilikuwa ikiuza krimu ya kung'arisha ngozi iliyoitwa Fair & Lovely, jina ambalo halikubadilishwa hadi mwaka 2020. Mwanamke mmoja aliweza kuambiwa na kampuni moja kwamba anatosha jinsi alivyo na kwamba ngozi yake ina giza mno, ilimradi asizisome sauti hizo mbili katika ukurasa mmoja. Atakayemwekea sauti hizo pamoja ni mwandishi wa habari, kwa sababu hakuna sheria iliyovunjwa na hakuna mahakama itakayomwita mtu.

Kwa hiyo ombi langu ni mahususi. Gazeti lianzishe safu fupi ya kila wiki inayochukua tangazo moja linalovuma na kulisoma kama linavyosoma hotuba: lisemalo linapimika au halipimiki, na kama linapimika, vipimo vinasema nini, ni swali gani la mnunuzi, kuhusu bei, afya au uimara, ambalo tangazo hilo limelikwepa, na mwenye chapa hiyo anasema nini kwingineko, kwa wateja wengine. Pale tangazo litakapoonekana kuwa la kweli, safu iseme hivyo bila kinyongo, maana msomaji anayeonyeshwa hila peke yake ataishia kuwadharau hata wakweli.

Najua ugumu uliopo. Matangazo ndiyo yanayolipia sehemu kubwa ya karatasi na mishahara ya wanahabari, na si rahisi kumhoji anayekulipa. Ndiyo maana napendekeza utaratibu utangazwe mapema kwa wasomaji na kwa watangazaji wenyewe: kwamba safu itaandaliwa na chumba cha habari bila idara ya matangazo kuiona kabla ya kuchapishwa, na kwamba haitaondolewa hata katika toleo ambalo kampuni inayochambuliwa imenunua ukurasa wa nyuma.

Wako mwaminifu,
Msomaji wa gazeti hili