Barua kwa maafisa mnaokwenda kusomea unadhimu

Wanangu,

Salamu kutoka kwa mzee wenu niliyevua gwanda siku nyingi. Nasikia mnajiandaa na kozi za unadhimu, yaani kazi ya kumwandalia kamanda mipango na amri, wengine kwenye vyuo vyetu vya kijeshi vya Duluti na Kunduchi, wengine ng'ambo. Huko mtashika kalamu kuliko silaha, na kuna neno nataka mwende nalo, juu ya kuandika kazi yako mwenyewe na kuwataja uliowaazima.

Mwanzoni mwa 1979 nilikuwa luteni, tumeshavuka mpaka wa Mutukula na kuingia Uganda, vitani na Idi Amin. Usiku mmoja koplo wangu alirudi kutoka doria, matope yamemfika magotini, akasema kuna magari mawili ya adui bondeni. Kamanda wa kombania hakumuuliza ni magari ya aina gani. Alimuuliza, "Umeyaona, umeyasikia, au umeambiwa?" Koplo akanyamaza kidogo. Kumbe alichokiona ni alama za matairi. Kwamba magari ni mawili, alielezwa na mwanakijiji. Taarifa ikaandikwa hivyohivyo: alama zimeonekana, idadi imetoka kwa raia. Waliokuwa juu yetu wakajua wapi pa kuamini na wapi pa kuhakikisha.

Tanbihi, yale maelezo ya chini ya ukurasa, na rejea, ambazo wengi wenu mnaziona usumbufu wa maprofesa, ni doria ileile. Hili nimelishuhudia, hili kalisema fulani katika kitabu fulani ukurasa fulani, hili nakisia. Afisa asiyeyatenganisha hayo kwenye tasnifu hatayatenganisha kwenye taarifa ya kivita, na kwa taarifa hiyo kuna askari watakaotumwa gizani.

Baadaye sana nilipewa kusimamia kazi za maafisa wanafunzi. Meja mmoja, mchapakazi, aliniletea sura juu ya vita vilevile, Vita vya Kagera. Nikawa nasoma, penseli mkononi, mpaka nikafika pale aliposema daraja la Kyaka lilivunjwa Oktoba 1978. Majeshi ya Idi Amin yalilivunja Novemba. Kosa lile nililitambua mara moja kwa sababu lilikuwa langu: niliwahi kuliandika kwenye kazi yangu ya kozi miaka kumi na mitano nyuma, na nakala yake ilikuwa maktaba. Nikaifuata, nikaziweka karatasi mbili sambamba mezani. Aya nzima ilikuwa yangu, mpaka mikato.

Nilipomwita hakukana. Alisema, "Afande, kikosini mimi naandika, mkuu anasaini. Sikuwahi kusikia mtu akiita ule wizi." Aliyasema kwa moyo mweupe, na jibu lake limenikaa hadi leo, kwani hapo ndipo sisi wanajeshi tunapojikwaa. Mnadhimu huandaa amri, kamanda huweka sahihi. Sahihi ile haisemi "nimetunga mimi." Inasema "nitawajibika mimi." Lakini jina lako juu ya tasnifu linasema fikra hizi nimezifikiri mwenyewe, na nilizoazima nimewataja wenyewe. Ni viapo viwili tofauti, na hakuna anayetukalisha chini kutueleza tofauti yake.

Kwa hiyo msithubutu kumpa luteni wenu awaandikie utafiti. Hana namna ya kukataa, anaona nyota begani. Mtakuwa mmechukua jasho lake, na mmemfundisha kwamba hivi ndivyo wakubwa wanavyosoma. Kumlipa mtu wa steshenari akuandikie ni kosa hilohilo. Programu za akili mnemba nazo hukutungia hata rejea ya kitabu ambacho hakijawahi kuandikwa. Huyo ni koplo asiyetoka kambini. Na lililo siri ya jeshi liache nje ya karatasi kabisa, lakini usiifanye siri kisingizio cha kutotaja kitabu kilichopo maktaba.

Msidhani mambo haya huzikwa siku ya kupokea cheti. Kanali John Walsh wa Marekani aliongoza batalioni nchini Iraki mwaka 2004 hadi 2005. Mwaka 2007 akaandika karatasi ya kurasa 14 katika chuo cha vita cha jeshi lao, Carlisle, akapata shahada ya uzamili. Miaka saba ikapita, ameshakuwa seneta, gazeti la New York Times likaonyesha kwamba si chini ya robo ya karatasi ile ilichukuliwa kwa watu wengine bila kutajwa inavyostahili. Agosti 2014 akajitoa kwenye uchaguzi, Oktoba chuo kikamvua shahada. Iraki alikwenda kweli, hatari aliikabili kweli. Ninapomfikiria huwa nasikitika, maana kurasa 14 ni kazi ya wiki chache kwa mtu wa cheo chake.

Yule meja nilimrudishia sura yake, nikamwambia aanze upya. Akaomba ruhusa, akaenda Kyaka, akakaa na wazee waliokimbia mwaka ule, akaandika nani kamwambia nini na nani hakukumbuka vizuri. Alipoleta kazi, chini ya ukurasa wa tisa palikuwa na tanbihi ndefu. Alinitaja kwa jina na cheo, akaonyesha niliposema Oktoba, akaeleza kwa nini nilikosea. Nilimpigia saluti palepale ofisini, mimi mkubwa wake.

Mzee wenu