Barua ya kufunga muhula: Kiingereza cha kila siku wakati wa likizo

Wazazi na walezi wetu wapendwa,

Habari za nyumbani. Muhula umeisha salama, watoto wanarudi na ripoti zao leo, na asanteni sana kwa vile mmesimama nasi. Mambo ya tarehe na mahitaji yako kwenye karatasi iliyobanwa nyuma ya ripoti, kwa hiyo sitayarudia. Nataka tuongee jambo moja tu ambalo limenikaa moyoni muhula mzima: Kiingereza cha watoto wetu.

Mkiangalia ripoti mtaona sarufi wako vizuri, wanajaza mapengo, wanapata vema. Shida inaanza wakikutana na Kiingereza ambacho hakijatoka kwenye kitabu cha darasa. Kuna siku nilikaa nyuma ya darasa la sita wakisoma habari fupi, ikaja sentensi "The match was put off because of heavy rain", mwalimu akauliza kilitokea nini, karibu nusu ya darasa wakajibu taa za uwanja zilizimwa. Put wanaijua, off wanaijua, ila zikikaa pamoja hapo maana yake ni kuahirisha na hilo hawajawahi kukutana nalo. Alafu ukisema put on ni kuvaa, put out ni kuzima moto, put up with ni kuvumilia, na mtoto aliyekariri kwamba put ni "weka" basi hapo anapotea kabisa.

Na wala si jambo geni kwao. Sisi wenyewe tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga hodi, na hakuna mtoto aliyepewa orodha ya hayo maneno akariri, aliyasikia yakiwa mazima hapo nyumbani, mara kwa mara, mpaka yakamkaa mdomoni. Kiingereza nacho kinataka kushikwa hivo hivo, fungu zima la maneno kwa pamoja. Mtoto anayejifunza neno moja moja anaishia kutafsiri Kiswahili chake, ndo unasikia "I drank medicine" wakati wenyewe wanasema take medicine, au "big rain" badala ya heavy rain, au "do a mistake" badala ya make a mistake.

Niseme na hili la insha maana naona wengi mnawanunulia vile vitabu vya misemo. Kila insha mvua lazima iwe "raining cats and dogs" (yaani inanyesha sana), na siku hizi ni wachache sana wanaongea hivo. Mimi ningefurahi zaidi mtoto akijua kusema "hang on a minute" (subiri kidogo), "I'm running late" (nachelewa), "it's up to you" (uamuzi ni wako), "never mind" (usijali), haya ndo anayatumia mtu akiongea na mwenzake, na mtihani wa kusikiliza umejaa hayo hayo.

Msiogope wingi wa maneno. Mwaka 1953 mwalimu Mwingereza Michael West alitoa orodha ya maneno kama 2000 yanayotumika zaidi, na kwenye maandishi ya kawaida kati ya maneno 100 kama 80 yanatoka humo humo. Kwa hiyo likizo hii mtoto asikimbilie maneno magumu, ashike haya madogo pamoja na maneno yanayoambatana nayo.

Namna ya kufanya ni hivi. Kata karatasi ngumu vipande vidogo, upande mmoja aandike sentensi yenye pengo, upande wa pili sentensi kamili, mfano "Can you look ____ the baby?" na nyuma "Can you look after the baby?". Tafuta boksi la viatu, ligawe sehemu tatu. Kadi zote zinaanza sehemu ya kwanza, hiyo inapitiwa kila siku, akipata inahamia ya pili inayopitiwa kila baada ya siku tatu, akipata tena inaenda ya tatu ya mara moja kwa wiki. Akikosa, popote ilipo, inarudi mwanzo. Mwandishi wa habari Sebastian Leitner ndo aliyeieneza njia hii miaka ya 1970, na inafanya kazi kwa sababu mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alishaonyesha tangu 1885 kwamba tunasahau haraka sana tunachojifunza kwa mkupuo, lakini tukikirudia kwa kuachia nafasi kinakaa. Kadi tano mpya kwa siku zinatosha, dakika kumi na tano, aende akacheze.

Mzazi ambaye hujasoma Kiingereza, tafadhali usijitoe. Wewe shika kadi, mwambie akueleze kwa Kiswahili hiyo sentensi inasema nini na mtu anaisema wakati gani, ukiona anababaika ujue bado hajaielewa, irudishe sehemu ya kwanza. Hapo umefundisha. Na wakubwa nyumbani wasiwacheke wakikosea matamshi, nawaomba sana, mtoto aliyechekwa mara moja tu anaweza kunyamaza mwaka mzima.

Siku ya kufungua kila mtoto aje na boksi lake hata kama kadi ni chache, walimu wa Kiingereza wataanza nazo wiki ya kwanza. Ripoti isainiwe irudi siku hiyo hiyo, na mwenye swali kuhusu alama ofisi iko wazi mpaka Ijumaa.

Likizo njema,
Mwalimu Mkuu