Nani aliwapa walinzi wa majengo mamlaka ya kututoza faini?

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma miaka mingi na sijawahi kuwaandikia. Ile habari yenu ya minyororo ambayo walinzi wanafungia magari kwenye maegesho ya majengo binafsi ndiyo imenifanya nishike kalamu. Mwandishi wenu kamhoji mwenye jengo, kamhoji na mkubwa wa kampuni ya ulinzi, na wote wawili wakasema madereva wa makampuni ni wakorofi, wanaingia maeneo ya watu bila ruhusa na kuegesha wanavyotaka. Dereva hata mmoja hakuulizwa.

Mimi ni dereva. Naendesha kenta ya kampuni, napeleka mizigo Kariakoo, Gerezani, Posta, na siku nyingine hadi Tegeta. Hakuna dereva wa kampuni anayeamka Mbagala saa kumi alfajiri kwa nia ya kwenda kuegesha kwenye ua wa mtu. Tunakwenda tulikotumwa. Karatasi ya mzigo ina jina la mteja na jina la jengo, na mteja mwenyewe ni mpangaji wa jengo hilohilo na kodi analipa. Sasa mimi nimevamia nini?

Lililonikuta ni hili. Jengo lenyewe ni la ghorofa, maeneo ya Gerezani. Mlinzi wa getini aliandika namba ya gari kwenye daftari, akasoma karatasi ya mzigo, akashusha kamba na kunielekeza nirudi nyuma mpaka mlango wa stoo. Niliingia kwa kuruhusiwa. Mtunza stoo akahesabu katoni moja moja, katikati akaenda kuswali, aliporudi akaanza upya kwa sababu yeye na utingo wangu hawakukubaliana hesabu. Natoka na karatasi iliyogongwa muhuri, nakuta tairi la mbele limefungwa mnyororo na kijana wa kizibao cha kung'aa amekaa juu ya ndoo ya rangi ananisubiri. "Mzee, hapa ni eneo binafsi, umezidisha nusu saa. Laki na nusu." Nikamuuliza hilo limeandikwa wapi. Akanionyesha karatasi ukutani, imechapwa kwa Kiingereza, nusu yake imezibwa na friji ya soda. Nikamwambia, mdogo wangu, mwenzako wa getini ndiye aliyeniingiza. Akajibu huyo wa getini ni wa kampuni nyingine. Nampigia mteja, hapokei. Nawapigia ofisini, naambiwa malizana nao, mzigo wa Tegeta unasubiriwa. Basi nikaambiwa nilipe kwa simu, kwa namba ya kawaida kabisa ya mtu, na jina lililotokea kabla sijaweka namba ya siri lilikuwa la mwanamke fulani, si la kampuni wala la jengo. Risiti niliyopewa ni ya kile kitabu cha dukani chenye kaboni, haina TIN, yaani namba ya mlipakodi, haitoki kwenye mashine, haina hata jina la aliyepokea. Kila siku tunahimizwa kwamba ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Nilidai. Kijana akasema ukitaka ya mashine njoo kesho, gari libaki hapa.

Trafiki akinikamata barabarani kwa kosa, faini yake imewekwa kisheria. Napewa karatasi yenye kosa langu na namba ya malipo ya serikali, na kama sikubali kosa nina haki ya kwenda kulikataa mahakamani. Hata ushuru wa maegesho ya barabarani una namba yake ya malipo, na pesa inajulikana inakokwenda. Huyu wa kwenye ndoo ametoza kiasi kinachozidi mbali faini ya trafiki, na yeye ndiye mlalamikaji, hakimu na mpokea pesa.

Wanapenda kututisha kwamba tukibisha wataita polisi tushtakiwe kwa kuingia kwa jinai. Wasomaji waelewe kwamba kosa hilo lipo kweli kwenye Kanuni ya Adhabu, lakini linataka mtu awe ameingia isivyo halali na kwa nia ya kutenda kosa, au kumtisha, kumtukana au kumuudhi mwenye mali. Dereva aliyeandikwa getini na kuelekezwa mlango wa stoo anaingiaje hapo? Na hata angekuwa ameingia kweli, mwenye kuamua ni mahakama. Ibara ya 13 ya Katiba yetu ya 1977 inasema mtu ana haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki na wajibu wake unapotolewa uamuzi. Kama mwenye jengo anaona nimemtia hasara, anipeleke mahakamani anidai, aonyeshe ni hasara gani hiyo ya shilingi 150,000 iliyopatikana kwa gari kusimama mbele ya mlango wa stoo. Mpwa wangu anasoma sheria, ndiye aliyeniambia kwamba huko Uskoti mahakama iliamua tangu mwaka 1992 kwamba kufunga gari la mtu mnyororo kwenye eneo binafsi na kudai pesa ndipo ulifungue ni kosa la jinai, tena wakaliita wizi. England na Wales nako wakapiga marufuku mwaka 2012. Huko mwenye eneo bado anaweza kudai pesa yake, lakini anadai kwa barua, na dereva ana pa kukata rufaa. Gari halishikwi rehani.

Na waajiri wetu nao niwaambie. Pesa ile nilitoa mfukoni mwangu. Niliporudi kuidai nikaambiwa ni uzembe wangu. Mwenzangu aliyefungwa mnyororo kwenye jengo jingine, kampuni ikamlipia, halafu mwisho wa mwezi akakuta imekatwa yote kwenye mshahara kwa mkupuo bila kuulizwa neno. Hili sheria hairuhusu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, inasema mwajiri hakati mshahara kufidia hasara mpaka hasara hiyo iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, mfanyakazi awe amekubali kwa maandishi, awe ameelezwa sababu, kiasi na hesabu yake, na kupewa nafasi ya kupinga. Na makato yote ya deni hilo hayaruhusiwi kuzidi robo ya mshahara. Madereva wengi hatulijui hili. Siku ya kuajiriwa tunasainishwa karatasi kwamba "faini zote ni za dereva" na tunadhani yameisha. Hayajaisha. Nendeni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ipo kwa ajili hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo mwandishi wenu alilipita kabisa. Tushushie wapi? Tangu mabasi yaendayo haraka yaanze mwaka 2016, Mtaa wa Msimbazi una njia zake za mabasi, na hilo ni jema, hata mimi wanangu wanayapanda. Lakini eneo la kusimamisha kenta likapungua, na hakuna aliyetenga jingine. Wakati huohuo Kariakoo kila palipokuwa na nyumba ya bati pamesimama ghorofa, maduka yamejaa hadi ukingo wa mtaro, stoo zimo chini ya ardhi, na mlango wa kupitishia mzigo ni uleule wa wateja. Habari ya uimara wa majengo imesemwa sana tangu lile ghorofa lilipoporomoka Novemba 2024 na kuua watu, nami sina la kuongeza. Ninachouliza ni hiki: anayepitisha ramani ya jengo la maduka mia anaona kabisa halina pa kusimamisha gari la mzigo, anagongaje muhuri? Ukisimama barabarani, trafiki. Ukiingia ndani, mnyororo. Ukizunguka mtaa mpaka nafasi ipatikane, ofisini wanasoma kwenye mfumo kwamba gari linatembea ovyo na mafuta yanaisha.

Mimi napendekeza hivi. Jengo lolote litakalotaka kufunga minyororo liweke kwanza kibao getini, mahali dereva anapokiona akiwa amekaa kwenye usukani, kwa Kiswahili, herufi za ukubwa wa kiganja, kikitaja muda unaoruhusiwa, bei, jina la kampuni na TIN yake. Gari la mzigo lipewe saa mbili tangu mlinzi aandike namba, na muda ukizidi, bili iende kwa mpangaji aliyeagiza mzigo, kwa sababu ndiye anayejulikana hapo na ndiye aliyechelewa kuhesabu. Malipo yasipokelewe kwa namba ya simu ya mtu. Halmashauri ya Jiji inaweza kuyaandika haya kwenye sheria ndogo zake.

Nanyi, Mhariri, mrudisheni mwandishi wenu kwa yule mkubwa wa kampuni ya ulinzi akamuulize pesa za minyororo zinaingia akaunti ya nani, na zinatolewa risiti gani. Nakala ya risiti yangu na karatasi ya mzigo yenye muhuri nimeambatanisha. Jina langu mnalo, naomba msilichapishe kwa sababu kazi bado naihitaji.

Dereva wa kenta,
Mbagala, Dar es Salaam