Si kila jeraha la kasa ni la papa

Mhariri,

Usiku wa bamvua la juzi kasa alipanda kutaga hapa kwetu Watamu, pezi lake la nyuma la kulia limebaki kigutu. Kasa huchimba shimo la mayai kwa mapezi hayo mawili kwa zamu, hili likichota mchanga, lile likiutupa. Huyu alichota kwa moja, na kila zamu ya kigutu ilipofika mchanga uliporomoka ndani. Akahama, akaanza upya, mara tatu, mwishowe akarudi majini na mayai yake. Kijana aliyekuwa kando yangu akasema, "Papa huyo." Tukaitikia wote, tukaenda kulala.

Neno hilo halijanitoka rohoni. Ni kweli papa huuma kasa, wala hakuanza leo. Akimuuma gambani huacha pengo la mviringo ukingoni, kama mwezi mwandamo. Hata dume humjeruhi jike wakati wa kupandana, akamng'ata shingoni na kumkwaruza mabegani kwa kucha. Hayo ni maumbile, tuyaache. Lakini mikato iliyopangana sambamba mgongoni, kama mkate uliokatwa vipande, hiyo ni rafadha ya mashine ya boti. Na mshipi wa kuvulia uliotupwa baharini ukimzonga kasa pezini huzama nyamani kidogo kidogo, damu haipiti tena, pezi linakufa na kukatika. Kidonda kikipona, kinachobaki ni kigutu kilekile tunachomsingizia papa.

La boti ndilo linaloniuma zaidi. Wengi hudhani kasa akishataga huenda zake mbali. Sivyo. Kasa mmoja hutaga mara kadhaa katika msimu, kila baada ya wiki mbili hivi, na siku zote za katikati hukaa karibu na pwani, akiibuka kuvuta pumzi palepale boti zetu zinapopita. Wala tusitegemee kwamba atakwepa. Utafiti uliofanywa Australia na kuchapishwa mwaka 2007 uliwapima kasa mbele ya boti: ilipokwenda kilomita 4 kwa saa, asilimia 60 walikimbia, ilipofika kilomita 19, waliokimbia walikuwa asilimia 4 tu. Boti zinazowahi pomboo asubuhi na watalii huenda mbio kuliko hivyo.

Mwaka mmoja nilikuwa ndani ya boti ya namna hiyo tukagonga kitu. Nahodha akasema ni gogo, hakupunguza mwendo. Mimi niliyekaa nyuma niliona maji yamebadilika rangi, nikanyamaza kwa kuwa wageni walikuwa wanafurahi. Najuta hadi leo.

Hapa si mahali pasipojua thamani ya kasa. Bahari yetu ni hifadhi tangu 1968. Local Ocean Conservation, shirika la hapa Watamu la kuhifadhi kasa, linalinda viota tangu 1997, na wavuvi, ambao ndio walikuwa wakilaumiwa kila siku, sasa hupiga simu kasa akinasa wavuni ili apimwe na kuachiliwa. Wavuvi wamefanya lao. Sisi wa boti za utalii bado.

Naomba wasimamizi wa hifadhi na serikali ya kaunti waweke maboya kati ya mwamba na fuo za kutagia, na ndani ya maboya hayo boti ziende pole msimu mzima wa kutaga, mchana na usiku. Mshipi uliokatika urudishwe nchi kavu. Na kila kasa anayepanda na jeraha, walinzi wa viota waandike limekaa wapi na limekatwaje, akishamaliza kutaga na bila kumwangazia taa usoni. Kasa wa kijani huchukua miaka 20 au zaidi kabla ya kutaga kwa mara ya kwanza. Yule wa juzi, kama yu hai, bado yuko hapo mbele ya ufuo na mayai tumboni, na kesho alfajiri boti zitatoka.

Mkazi wa Watamu,
Kilifi