Barua ya wazi kwa balozi wetu kwenye Baraza la Usalama: mkaguzi akiomba miezi, apewe miezi

Mheshimiwa Balozi, shikamoo.

Sikutaji kwa jina na nimefanya makusudi, maana viti vya Afrika kwenye Baraza la Usalama ni vitatu na anayekalia anakaa miaka miwili anampisha mwingine, kwa hiyo barua hii ni yako wewe uliyeko hapo leo na ni ya atakayekupokea pia. Naandika kwa sababu yale maneno nayasikia tena, kwamba nchi fulani ina silaha za maangamizi au imebakiza kidogo tu izipate, ushahidi upo ila hauwezi kuoneshwa wote, na tukisubiri tutajuta. Halafu kabla watu hawajauliza swali la pili ndege zishapaa. Mimi niliyasikia haya vizuri kabisa mwanzoni mwa 2003, redio ikiwa sikioni usiku kucha, na mpaka leo hayajanitoka.

Naomba nikurudishe kwenye kikao kimoja tu, cha tarehe 7 Machi 2003 kuhusu Irak, siku chache kabla Marekani haijaivamia, maana naona mambo yote yalikuwa wazi pale mezani na bado tukapita nayo kama hatujayaona.

Siku hiyo mwenyekiti wa Baraza alikuwa Guinea, yaani Mwafrika mwenzetu ndo anaongoza kikao. Azimio 1441 lilikuwa limeshapitishwa Novemba 2002 kwa kura 15 bila hata moja ya kupinga, Syria ikiwemo, na lilimpa Saddam Hussein, rais wa Irak, nafasi ya mwisho ya kuweka kila kitu wazi kuhusu silaha zake. Wakaguzi wa silaha wa Umoja wa Mataifa wakarudi Irak kabla mwezi haujaisha, baada ya miaka minne ya kutokuwepo. Wakaingia viwandani, kwenye maghala, kambi za jeshi, mpaka kwenye majumba ya rais, na hadi wanaondoka walikuwa wamefanya ukaguzi zaidi ya mara 700. Sasa siku hiyo Hans Blix, mkuu wa wakaguzi hao, anatoa ripoti, na nadhani hapa ndipo kila balozi anapaswa kusoma polepole. Anasema Irak haijatoa ushirikiano wote unaotakiwa, hakumpamba Saddam hata kidogo, lakini anasema kazi inakwenda, na kwamba kumaliza yale mambo makubwa yaliyobaki hakutachukua miaka, wala wiki, ni miezi.

Siku hiyo hiyo Marekani, Uingereza na Hispania wanaleta rasimu yao inayosema mwisho ni tarehe 17 Machi. Mtu kaomba miezi, kapewa siku kumi.

Na sio kwamba alikuwa anaomba muda wa kukaa tu hotelini. Kulikuwa na makombora ya Al Samoud 2, wakaguzi wakapima wakakuta yanaruka kupita kilomita 150 zilizoruhusiwa, Blix akaandika barua kwamba yaharibiwe, na kuanzia tarehe 1 Machi yakawa yanapelekwa Taji, kaskazini mwa Baghdad, yanalazwa chini na buldoza linapita juu yake. Hebu fikiria hiyo picha Mheshimiwa, jeshi la nchi lina vita mlangoni, kila mtu anajua vita inakuja, na bado linasagiwa makombora yake mbele ya macho yake na watu waliokuja na kalamu na kamera. Kufikia kikao kile yalikuwa yameshasagwa 34. Blix akawaambia wajumbe kwamba hivi sio vijiti vya kuchokolea meno vinavunjwa, ni silaha za kuua. Mi sijui ni jeshi gani lingefika pale bila kumwaga damu kwanza.

Halafu akaongea Mohamed ElBaradei, Mmisri, mkuu wa shirika la nishati ya atomiki la IAEA, na hapa ndo inatuhusu sisi moja kwa moja. Januari ile Rais Bush wa Marekani alisimama mbele ya Bunge lake akasema, akiwataja Waingereza kama chanzo, kwamba Saddam ametafuta urani, madini ya kutengenezea bomu la nyuklia, kutoka Afrika. Alisema Afrika. Bara zima likaingizwa kwenye faili la vita kwa sentensi moja! Nchi yenyewe iliyokuwa inazungumzwa ni Niger, na nyaraka za madai hayo zikakabidhiwa IAEA mwanzoni mwa Februari. Wataalamu wakazikagua, na tarehe 7 Machi ElBaradei akawaambia mabalozi kwamba nyaraka zile sio halisi. Barua mojawapo ilikuwa ya mwaka 2000 lakini ina sahihi ya waziri wa mambo ya nje wa Niger aliyeacha hiyo kazi tangu 1989. Kitu ambacho karani yeyote wa wizara pale Niamey angekigundua kabla chai haijapoa. Akasema pia yale mabomba ya aluminiamu yaliyopigiwa kelele sana hayaelekei kuwa ya mashine za kurutubisha urani. Hayo yote yalisemwa kabla ya risasi ya kwanza, ndani ya chumba ambacho sasa unakaa wewe.

Najua utaniambia kura yetu ina nguvu gani, sisi hatuna kura ya turufu. Ndiyo, hatuna. Lakini siku chache baada ya kikao kile Waziri wa Mambo ya Nje wa Ufaransa, de Villepin, alifunga safari mpaka Luanda, Yaoundé na Conakry, na Marekani na Uingereza nao walituma watu wao kwenye miji hiyo hiyo mitatu. Watu hawazunguki hivyo kutafuta kitu kisicho na thamani. Azimio linahitaji kura tisa, na hata kama Ufaransa ingepinga, kura tisa zingewapa Marekani na Uingereza nafasi ya kusema dunia ilikuwa nyuma yetu. Angola, Cameroon na Guinea, zilizokalia viti vyetu vitatu wakati ule, zilibanwa kila upande, na nchi nyingine tatu, Chile, Mexico na Pakistan, zilibanwa vilevile. Ile kura ya ndiyo ya hadharani haikupatikana. Tarehe 17 Machi rasimu ikaondolewa bila hata kupigiwa kura. Vita ikaanza tarehe 20, lakini ilianza bila muhuri wa Umoja wa Mataifa, na ndo maana mwaka uliofuata Kofi Annan, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, aliweza kusema waziwazi kwamba kwa mujibu wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa ilikuwa haramu. Muhuri ule ulikosekana kwa sababu nchi kadhaa zisizo na manowari zilikataa kuutoa. Naona hatujawahi kuwashukuru vya kutosha.

Na sio rahisi, nalijua hilo. Mwaka 1990 Yemen ilipiga kura ya hapana kuhusu vita ya Ghuba, ikaambiwa palepale kwamba hiyo ndo kura ghali kuliko zote ilizowahi kupiga, na msaada wa Marekani wa kama dola milioni 70 ukakatwa. Wewe pia utapigiwa simu. Utakumbushwa mikopo, utakumbushwa soko la nguo. Kwa hiyo nakuomba msisimame mmoja mmoja, simameni watatu, na nyuma yenu muwe na tamko la bara kama lile la Paris la Februari 2003 ambapo nchi 52 za Afrika zilisema vita iwe njia ya mwisho kabisa na wakaguzi waendelee na kazi.

Sitaki nikuandikie kama vile Saddam alikuwa mtu wa kuonewa. Aliwapiga Wakurdi wa Halabja kwa gesi mwaka 1988, watoto wakafia mikononi mwa mama zao, na aliwadanganya wakaguzi kwa miaka. Na ni kweli, Blix mwenyewe alikubali kwamba majeshi yaliyojazana mpakani yalisaidia kufungua milango. Sawa. Lakini milango ikishafunguka, anayeingia awe mkaguzi. Afrika Kusini ilitengeneza mabomu sita ya nyuklia, ikayavunja yenyewe, IAEA ikaingia ikahesabu mpaka ikaridhika, hakuna mtu aliyekufa. Februari 2003 ilituma wataalamu wake Baghdad kwenda kuwaeleza jinsi nchi inavyothibitisha kwamba haina tena. Nadhani ule ndo ulikuwa msaada wa maana kuliko mwingi uliotolewa miezi ile, na uliandikwa kidogo sana.

Baada ya vita Marekani ilipeleka timu yake yenyewe, watu zaidi ya elfu moja, wakachimba nchi nzima bila kuharakishwa na mtu. Ripoti ya mkuu wa timu hiyo, Charles Duelfer, ya 2004 ikasema akiba ya silaha za kemikali ilikuwa imeharibiwa tangu 1991. Raia waliouawa tangu uvamizi ule wamepita laki moja. Na ile Hoteli ya Canal pale Baghdad, walikokuwa na ofisi wakaguzi, ililipuliwa tarehe 19 Agosti 2003 ikaua watu 22 akiwemo Sérgio Vieira de Mello, mjumbe wa Annan, jengo lile lile ambalo miezi michache nyuma magari meupe yalikuwa yanatoka kila asubuhi kwenda kukagua.

Kwa hiyo Mheshimiwa, siku likiletwa faili jingine mezani, na litaletwa, omba mkaguzi aitwe kwenye kikao cha wazi, kamera zikiwa zimewashwa, umuulize anahitaji muda gani na anahitaji vifaa gani. Akishajibu, hiyo tarehe yake muiandike nyinyi kwenye rasimu, kabla mtu mwingine hajaandika ya kwake.

Wako,
Mwananchi wa Afrika Mashariki